Uzi: Nimejitengenezea kidhibiti cha tangi la matumbawe. Ubongo ukizima, kila kifaa kibaki katika hali gani?

Mwambani

Wakuu, habari zenu.

Nina tangi la matumbawe. Ukijumlisha na sampu yake, lile tangi la chini la kuchujia maji, ni maji ya lita 300 hivi. Nimelilea kwa mkono miaka miwili: kila asubuhi kurudishia maji yaliyovukia, kupima joto, kupima kalsiamu na alkalini na kuongeza kwa bomba la sindano. Nikisafiri siku mbili, moyo unabaki nyumbani. Ndiyo maana nimejitengenezea kidhibiti, na leo nakileta kwenu mkikague kabla sijakikabidhi tangi lenyewe. Mpaka sasa nimekijaribia kwenye ndoo tu.

Vilivyomo: ubongo ni ESP32, chipu ndogo ya kompyuta yenye waifai. Kuna vihisi viwili vya joto aina ya DS18B20, saa ya DS3231 yenye betri yake, swichi mbili za boya za kujazia maji, probu ya pH, rilei nane (swichi zinazowashwa na kuzimwa na ubongo), na pampu tatu ndogo za dosi, yaani za kuongeza kalsiamu na alkalini badala ya sindano, zile zinazokamua mpira. Kinasimamia joto, maji, taa na dosi, na kinazima mzunguko kwa dakika kumi ninapolisha samaki.

Kilichonifanya nifungue uzi ni kisa cha kwenye ndoo. Niliweka hita ya wati 100 ndani ya lita 20, nikakiagiza kidhibiti kishike nyuzi 25.5, nikaenda zangu. Niliporudi baada ya saa mbili maji yalikuwa nyuzi 31. Hakuna kilichoungua, hakuna waya uliochomoka. Intaneti ilikuwa imekatika, na programu yangu ilikuwa imesimama kwenye mstari mmoja ikisubiri waifai irudi. Ilisimama hita ikiwa imewashwa, basi hita ikaendelea kuchemsha.

Tangu siku hiyo nimeiacha programu nikachukua karatasi. Kila kifaa nimekiandikia swali moja: ubongo ukizima au ukiganda, wewe ubaki umewaka au umezima? Pampu ya kurudisha maji kutoka kwenye sampu lazima iendelee, maana mzunguko ukisimama oksijeni inapungua. Kwa hiyo nimeiunga kwenye mguu wa NC wa rilei, ule unaopitisha umeme rilei inapokuwa imepumzika. Ubongo unaivuta rilei pale tu unapotaka kuizima pampu. Taa zikizima si msiba. Pampu ya kujazia maji izime, dosi izime.

Hita ndiyo imenishinda kuamua. Naomba mawazo yenu.

Kasa

Mkuu, hongera, na umefanya la maana kuanzia kwenye ndoo. Mimi somo la hita nililipata kwa matumbawe yangu.

Kidhibiti changu cha kwanza nilikipa kizingiti kimoja: chini ya 25.5 washa, juu yake zima. Kihisi kikicheza kidogo tu, rilei inaitikia, ta-ta-ta mchana kutwa. Ilikuwa rilei ndogo ya ampea 10 ikibeba hita ya wati 300. Baada ya miezi minane midomo yake, yaani vyuma vinavyogusana kupitisha umeme, ikagandana. Kwenye simu nikawa nasoma "hita imezimwa", na kweli kidhibiti kilikuwa kimetoa amri ya kuzima, lakini umeme ulikuwa unapita. Nilipoteza matumbawe magumu ya matawi karibu yote. Programu nzuri kiasi gani isingeniokoa, kwa sababu kilichoharibika kilikuwa chuma.

Kwa hiyo weka pengo kati ya kuwasha na kuzima: washa ikifika 25.3, zima ikifika 25.7. Kidhibiti joto kilichomo ndani ya hita yenyewe usikipandishe mpaka mwisho kama wengi wanavyofanya; kiweke 26.5 kiwe mlinzi wa pili. Halafu achana na hita moja kubwa, tumia mbili za wati 150. Lita 300 za maji ya chumvi zinahitaji kama megajuli 1.2 kupanda nyuzi moja. Wati 300 zikiganda zinafanya kazi hiyo kwa saa moja na dakika chache. Wati 150 zinahitaji zaidi ya saa mbili, na kadiri maji yanavyokuwa moto kuliko chumba ndivyo yanavyopoteza joto, kwa hiyo hita ndogo huishiwa nguvu njiani. Unapata muda wa kusikia kengele na kukimbia nyumbani.

Pweza88

Nafuatilia kwa karibu. Mimi bado mgeni kwenye hizi kazi, mnisamehe kwa maswali. Kama tatizo ni midomo ya rilei kugandana, kwa nini asitumie rilei ya elektroniki isiyo na midomo? Na vihisi viwili vya joto vya nini kama kimoja kinasoma vizuri?

Risasi6040

Pweza88, maswali yako yote mawili ni ya msingi.

Rilei ya elektroniki ni kimya na haichoki kwa kuwashwa na kuzimwa, lakini inapokufa mara nyingi inakufa ikiwa inapitisha umeme. Tena inavujisha kidogo hata ikiwa imezimwa, na ikibeba mzigo mkubwa inataka bati la kupoza. Kwa hiyo swali la Mwambani linabaki palepale. Dawa ni kuweka kikata joto kingine kinachojitegemea kabisa, chenye kihisi chake na umeme wake, kiungwe kwa mfululizo na hita, kiwekwe nyuzi 27. Umeme wa hita upite kwanza kwake ndipo ufike kwenye rilei yako. Hapo ili tangi lichemke lazima viharibike vitu zaidi ya kimoja kwa wakati mmoja.

Kuhusu vihisi viwili: DS18B20 ina tabia ambayo kila anayeitumia lazima aijue. Waya wake ukikatika, maktaba nyingi za programu zinakurudishia -127. Fikiria programu isiyokagua: inaona maji yapo nyuzi -127, inawasha hita, na haitaizima kamwe. Ikipata hitilafu ya umeme na kuanza upya kabla haijapima, inasema 85, ambayo ndiyo namba yake ya kuamkia. Zote mbili zikataliwe mlangoni. Mimi nakataa chochote nje ya 15 hadi 40, na vihisi viwili vikipishana kupita kiasi nazima hita na kupiga kengele. Ila usahihi wake kiwandani ni nusu nyuzi juu au chini, kwa hiyo viwili vizima kabisa vinaweza kupishana nyuzi nzima. Vitie kikombe kimoja pamoja na kipimajoto unachokiamini, andika tofauti ya kila kimoja, uirekebishe ndani ya programu. Kila kihisi kina namba yake ya pekee ya biti 64. Vitambue kwa namba hiyo, maana mpangilio unaweza kubadilika siku utakapobadilisha kimoja.

Na zile zinazouzwa zikiwa na kifuniko cha chuma kisichoshika kutu, kwenye maji ya chumvi kinashika. Vitie ndani ya kijibomba cha plastiki kilichozibwa chini.

Mwambani, nina mambo mawili kwako. Rilei zako zimeungwa kwenye pini zipi? ESP32 inapoamka, pini 0, 2, 5, 12 na 15 zina shughuli zake, na nyingine hurukaruka kabla programu yako haijaanza. Rilei ya pampu ya dosi ikiwa hapo, kila umeme ukirudi inapata mshtuko. Pili, washa saa ya ulinzi iliyomo ndani ya chipu, ile inayoianzisha upya programu ikinyamaza. Lakini uipe taarifa ya "nipo hai" mahali pamoja tu, mwisho wa mzunguko mkuu wa programu. Ukiitolea taarifa kutoka kwenye kipima muda cha pembeni, mzunguko mkuu unaweza kuganda na saa ikaendelea kudanganyika.

Mwambani

Risasi6040, nimekagua sasa hivi: pampu ya alkalini iko pini 15. Naihamisha leo. Asante sana.

Bi_Chumvi

Mmezungumza joto vizuri. Mimi niseme ya maji, kwa sababu naona watu wengi wanaogopa moto wakasahau mafuriko.

Kujaza maji kiotomatiki ni kazi ndogo inayoweza kuua tangi zima kwa upole. Boya linakwama. Konokono anapanda juu yake, au mwani unalishika, na pampu inaamini maji bado yamepungua. Boya la pili lililowekwa sentimita chache juu ya la kwanza ni lazima, na lisiishie kuwa sharti ndani ya programu: liungwe likate umeme wa pampu moja kwa moja. Halafu weka kikomo cha muda. Kama kwa kawaida pampu inamaliza kazi kwa sekunde 20, ikifika 60 izimwe na ibaki imezimwa mpaka mtu aje aangalie.

Lakini ulinzi ninaouamini kuliko yote ni ukubwa wa chombo cha maji ya kujazia, yale baridi yasiyo na chumvi. Mwambani, hesabu mwenyewe: lita 300 zenye chumvi 35 kwa elfu, zikiingiwa na lita 20 zote kwa pamoja, zinashuka hadi 32.8. Wanyama watasikia, watavumilia. Zikiingiwa na lita 60, unafika 29, na hapo unazungumza habari nyingine. Chombo kidogo hakihitaji programu wala umeme ili kufanya kazi yake. Hakikisha tu sampu ina nafasi ya kupokea hizo lita 20 pamoja na maji yanayoteremka kutoka juu pampu ikisimama.

Na ncha ya bomba la kujazia iko wapi? Ikiwa imezama na chombo kiko juu kuliko sampu, maji yatajivuta yenyewe hata pampu ikiwa imezimwa.

Sasa dosi. Umesema pampu tatu. Naomba unijibu: umeme ukikatika saa tatu na dakika tano, ukarudi dakika mbili baadaye, programu yako inajuaje kwamba dosi ya saa tatu imeshatolewa?

Mwambani

Bi Chumvi, swali lako limenikalisha chini. Haijui. Inatazama saa, inaona ni saa ya dosi, inatoa. Umeme ukikatika mara nne ndani ya saa hiyo, inatoa mara nne.

Bi_Chumvi

Usihuzunike, ndiyo kazi ya ndoo hiyo. Andika kwenye kumbukumbu ya kudumu kwamba dosi imetolewa, na uandike *kabla* ya kuwasha pampu. Ukiandika baada, umeme ukikatika katikati utatoa mara mbili. Tangi likikosa dosi moja halitajua. Likipata mbili za alkalini, utaona ncha za matumbawe zimeungua.

Gawanya dosi ya siku iwe vipande vidogo vingi. Alkalini na kalsiamu zipishane angalau nusu saa na ziingie penye mkondo mkali, la sivyo zinakutana na kuganda kuwa mchanga mweupe. Uwiano wake unaujua: kila dKH 1 (kipimo cha alkalini) iliyoliwa na matumbawe inakwenda na kalsiamu kama miligramu 7 kwa lita. Hivyo ukiona alkalini inashuka na kalsiamu haitikisiki, kagua vipimo na pampu kwanza kabla ya kubadilisha namba. Mpira wa pampu hizi unachoka, na kiasi unachodhani ni mililita 10 kinakuwa 8. Pima kwa silinda kila mwezi.

Probu ya pH ifanye kazi ya kukuonyesha tu. Usiipe mamlaka ya kuwasha dosi. Ikikauka, au ikivaa utando wa mwani, inasoma uongo kwa utulivu kabisa.

Pweza88

Dada Bi Chumvi, hapo kwenye pH naomba ufafanue kidogo. Yangu inaruka: pampu ya mawimbi ikiwaka inasema 8.4, ikizima inasema 8.1. Nimeirekebisha mara tatu kwa maji ya vipimo, bado.

Risasi6040

Nijibu mimi kwa kuwa ni ya umeme. Probu ya pH inatoa kama milivolti 59 kwa kila pH moja maji yakiwa nyuzi 25, na inazitoa kwa unyonge sana, kiasi kwamba saketi yoyote isiyo na ingizo la ukinzani mkubwa inazimeza. Hiyo tofauti yako ya 0.3 ni milivolti 18 tu. Chota maji ya tangi kwenye kikombe cha plastiki, tia probu humo, uwashe na kuzima pampu. Namba ikitulia kikombeni na kuruka tangini, basi probu yako ni nzima. Kuna umeme unaozurura majini. Kwanza itafute pampu au hita inayovuja, kwa kuchomoa kimoja kimoja, kwa sababu hiyo ni hatari kwako unapotia mkono. Baada ya hapo tenga saketi ya pH na umeme wa kidhibiti kwa chipu ya utengano.

Usisomee pH kwenye pini za ESP32 zenyewe. Kipimo chake cha volti hakinyooki, na zile pini za kundi la pili zinagoma kabisa waifai ikiwa inafanya kazi. Chipu ya nje ya kupima volti, ADS1115 ya biti 16, itakutosha. Na urekebishe kwa maji ya pH 7 na 10. Ya 4 haina kazi kwa bahari.

Kwa vile tuko kwenye umeme: Mwambani, soketi zote za tangi zipite kwenye kikatizi cha uvujaji, kile kinachokata mkondo ukivuja miliampea 30. Hili halina mjadala. Kila waya uwe na tumbo linaloning'inia chini ya soketi, ili maji yanayotiririka juu yake yadondoke hapo. Kisanduku usikiweke ndani ya kabati la sampu, chumvi inatambaa na kula lehemu. Waya za umeme mkubwa ziwe na chumba chao, mbali na za vihisi.

Pampu za dosi ni mota za volti 12, nadhani unaziendesha kwa transista. Kila lango la transista liwe na rezista ya kiloomu 10 kwenda kwenye hasi, ili chipu inapokuwa bado usingizini pampu zisijiamulie. Na dayodi ya kurudisha mkondo kwenye kila mota.

Pweza88

Nimefanya jaribio la kikombe. Namba imetulia. Nikachomoa kimoja kimoja: ni hita ya zamani, ina ufa mdogo chini ya shingo. Nimeitoa. Nilikuwa natia mkono humo kila siku.

Kasa

Pweza88, hilo pekee linatosha uzi huu kuwepo. Pole sana, na nashukuru uko salama.

Turudi kwa Mwambani na hita yake. Msimamo wangu: ubongo ukizima, hita izime. Tangi linapoa polepole, na matumbawe yanastahimili kushuka kidogo kuliko kupanda.

Bi_Chumvi

Kasa, inategemea chumba. Kwenye chumba chenye baridi, mtu akiwa safarini siku tatu, tangi litakutwa nyuzi 18 na litakuwa limekufa vilevile, polepole tu. Hita si ya kuzimwa na kusahauliwa.

Kasa

Nakubali kuna hatari hiyo. Lakini ukisema ibaki imewaka unarudi kwenye ndoo ya nyuzi 31.

Risasi6040

Mnabishana kwa sababu mnafikiria hita moja. Kasa mwenyewe ameshashauri mbili. Ya kwanza iwe chini ya kidhibiti, kwenye mguu wa NO, ule usiopitisha umeme rilei ikipumzika, ubongo ukizima inazima. Ya pili iwe ndogo, isiguse kidhibiti kabisa, ichomekwe kupitia kile kikata joto cha pembeni, na kidhibiti chake cha ndani kiwekwe nyuzi 24. Siku zote italala, kwa sababu maji yapo 25 na nusu. Ubongo ukifa, tangi linateremka mpaka 24 na kukaa hapo.

Kasa

Hapo nimeridhika.

Mwambani

Wakuu, nimekaa kimya wiki mbili nikifanya kazi mlizonipa. Naleta majibu.

Nimejaribu kila kifo nilichoweza kukiwazia, bado kwenye ndoo. Nilichomoa waya wa ESP32 hita ikiwa imewaka: hita ikazima, pampu ya mzunguko ikaendelea, hita ndogo ikaamka maji yalipofika 24. Nilikata waya wa kihisi kimoja kwa mkasi: -127 ikakataliwa, hita kuu ikazima, kengele ikalia. Niliigandisha programu kwa makusudi: saa ya ulinzi ikaianzisha upya. Nilizima waifai usiku kucha. Sasa kazi za tangi hazisubiri mtandao, mtandao una kazi yake pembeni na ukikosekana hakuna anayeusubiri. Nilikata na kurudisha umeme mara kumi ndani ya saa ya dosi: mililita zilizotoka ni za dosi moja.

Jaribio lililofeli ni la kulisha. Nilibonyeza kitufe cha kulisha, pampu ikazima vizuri, haikurudi. Nililinganisha muda kwa kujumlisha mwanzo na zile dakika kumi, na nilikuwa nimeisogeza hesabu ya milisekunde ya chipu karibu na mwisho wake ili nione, maana baada ya siku 49.7 inajaa na kuanza sifuri. Nimebadilisha: natoa muda wa mwanzo kwenye muda wa sasa, ndipo nilinganishe na muda ninaoutaka. Nimerudia, inarudi. Bila jaribio hilo, siku ya hamsini ningelisha samaki na kuondoka.

Tangini nimeunga joto na kujaza maji pekee, leo ni siku ya tano. Grafu inapanda na kushuka kati ya 25.3 na 25.7. Nimegundua pia kwamba feni ya kupozea inakunywa maji kuliko nilivyodhani: lita moja ikivukia inaondoa kama megajuli 2.4, karibu nyuzi mbili za tangi langu, kwa hiyo siku za joto chombo cha lita 20 kinaisha mapema. Nilitamani kukiongeza kiwe cha lita 60. Nikakumbuka hesabu ya Bi Chumvi, nikakiacha.

Dosi itasubiri mwezi mmoja zaidi. Mpaka hapo naendelea na bomba la sindano.

Pweza88

Mkuu, tunaomba mchoro wa nyaya ukipata nafasi.

Mwambani

Nitauweka kesho, nasafisha kwanza sehemu ya pini 15 niliyoifuta.

Bi_Chumvi

Hongera sana. Ila hukunijibu kuhusu ncha ya bomba la kujazia.

Mwambani

Nimetoka kuliangalia. Lilikuwa limezama. Nimelipandisha sentimita tano juu ya maji na kulifunga kwa kibano.